Bilauri Ndefu ya Mbaruku

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana mishahara ilikuwa imeshaanza kuchelewa, palikuwa na nchi moja ambayo jina lake nimelitia mfukoni na halitoki. Nchi hiyo ilikuwa na bendera nzuri, wimbo mrefu, na wizara nyingi kuliko mito. Katika wizara zote hakuna iliyosifika kama Wizara ya Makuzi ya Akili, kwa sababu chai yake ya saa nne haikukosa tangawizi hata mwaka wa njaa.

Ndani ya wizara hiyo alifanya kazi Bwana Shaweji Pazi. Alikuwa msomi, mpole, mume wa Nargisi na baba wa binti mmoja, Zuhra. Hakuwa na maradhi yoyote ila moja: hakuweza kumwona Mbaruku akipata kitu. Mbaruku alikuwa rafiki yake tangu chuo cha ualimu, walikolala chumba kimoja na kuazimana kandambili, na sasa walikuwa wizara moja. Tangu siku hizo, chakula kikiletwa, Shaweji alitazama kwanza sahani ya Mbaruku, kisha yake. Mara nyingi alikuta zimelingana, na hilo halikumponya hata kidogo, kwa kuwa moyoni alijua kwamba mchuzi mzito umekaa upande wa pili.

Ikawa siku moja mfadhili akaleta wizarani shehena ya vyandarua, na chini ya sanduku la mwisho kikaonekana kitabu. Kilieleza habari za bingwa mmoja wa ng'ambo aliyekaa miaka mingi sakafuni akicheza gololi na watoto na kuwauliza maswali. Wakubwa walilitazama jalada, wakalisifu, kisha wakampa Shaweji akisome kwa niaba ya taifa.

Shaweji alikisoma, na msione namcheka, alikisoma kwa mapenzi. Kilimwambia kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Akili yake hupanda kwa hatua, na kila hatua ina namna yake ya kuiona dunia. Katika ya kwanza huijua dunia kwa kuishika na kuitia mdomoni. Katika ya pili huliamini jicho lake kuliko kitu kingine chochote. Katika ya tatu huanza kupima na kuyageuza mambo kichwani, maadamu vitu viko mbele yake. Ya nne ndipo huwaza hata yasiyoonekana, kama haki, au maji ya bomba. Na mwalimu, kilisema kitabu, hamkokoti mtoto kwenda hatua asiyoifikia. Humpa vitu vya kushika, vya kumimina na vya kupanga, akamwacha abishane na nafsi yake mpaka aelewe.

Jioni ile alimwita Zuhra, wakati huo bado mdogo wa chekechea. Akaweka mezani bilauri mbili fupi za juisi ya ukwaju.

"Zuhra mama, hebu tazama. Yangu na yako zimelingana?"

"Zimelingana."

Akaichukua yake, akaimimina yote ndani ya bilauri ndefu nyembamba. "Na sasa?"

"Yako nyingi, baba! Imefika huku juu!"

Shaweji alicheka mpaka machozi yakamtoka, akambeba binti yake na kumzungusha. "Umeona, Mama Zuhra? Si mjinga huyu, ni umri wake. Jicho bado linamtawala. Ukimkemea utamwonea bure."

"Na wewe lako litaacha lini kukutawala?" aliuliza Nargisi huku akipangusa meza. Alikuwa amechoka kusikia habari za Mbaruku kila anapopakua chakula.

*

Ilipofika siku ya kukieleza kitabu mbele ya Mheshimiwa Waziri, Shaweji alipatwa na kwikwi. Si kwikwi ya mchezo. Alikunywa maji, akaziba pua, akashtuliwa kwa makofi mgongoni, haikukoma. Alipofungua kinywa kusema "Mheshimiwa", ilitoka sauti ambayo Waziri aliitafsiri kuwa ni utovu wa adabu. Basi Mbaruku, aliyekuwa amekaa kando akimsikitikia rafiki yake, akayachukua makaratasi na kuyasoma kwa sauti yake nene iliyojaa ukumbi.

Waziri alisimama kabla Mbaruku hajamaliza. "Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake," alitamka. "Serikali imeliona jambo hilo kuwa ni ukosefu wa mpangilio. Kuanzia leo akili zitapangwa! Na ndugu huyu aliyetufumbua macho atakuwa Mkurugenzi Mkuu wa Hatua za Akili!"

Mbaruku akainuliwa. Shaweji naye hakusahauliwa, maana nchi ile haikuwa na choyo ya vyeo. Alifanywa Mkurugenzi Msaidizi anayeshughulikia Maji na Bilauri. Kwikwi ilikoma palepale, na mahali ilipokuwa pakaingia kitu kingine kilichokuwa kikichoma.

Kazi ikaanza kwa kishindo. Kila mtoto alipigwa muhuri wa hatua yake kwenye kiganja, na aliyenawa mikono alihesabiwa kuwa hana akili mpaka apigwe mwingine. Gololi ziliagizwa kwa meli, zikafungiwa ghalani zisichafuliwe na watoto. Walimu walikatazwa kusema samaki mkunje angali mbichi, kwa kuwa kiwango cha ubichi kilikuwa bado kinajadiliwa na kamati. Na kwa ajili ya utulivu, ukatoka waraka kwamba watoto wote wa nchi watavuka kutoka Hatua ya Pili kwenda ya Tatu siku moja, mwezi wa Desemba, mbele ya Waziri na bendi ya polisi. Ilikuwa marufuku kwa mtoto kuelewa jambo nje ya msimu.

Zuhra alielewa mwezi wa Machi. Alikuwa sebuleni kwao akichezea maji kwenye beseni, anamimina huku, anarudisha kule, anakunja uso. Ghafla akaacha. "Baba," aliita, "maji ni yaleyale! Yakiingia kwenye nyembamba yanapanda tu, hayaongezeki!"

Shaweji alihisi furaha ikimpanda kifuani. Hakuna aliyemfundisha mtoto yule, ameokota mwenyewe kwa mikono yake, vilevile kama kitabu kilivyosema. Kisha akaukumbuka waraka, akafunga dirisha.

"Ni kweli, mwanangu. Lakini usimwambie mtu kwamba unaelewa. Ngoja Desemba."

"Kwani kuelewa ni vibaya?"

"Si vibaya. Ni mapema."

*

Sasa niwaeleze desturi ya chai, kwa sababu hapo ndipo moyo wa Shaweji ulipoanza kuoza.

Wizara ile iliheshimu usawa. Saa nne kamili mama wa chai alipita na sufuria, akampa kila mtu upawa mmoja, kuanzia Mkurugenzi Mkuu hadi mlinzi wa geti. Upawa ulikuwa mmoja na mkono ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa katika chombo tu: wakurugenzi wakuu walinywea bilauri ndefu nyembamba kama mshumaa, wasaidizi wakanywea vikombe vipana vifupi.

Kila siku saa nne, Shaweji alikaa mbele ya kikombe chake kipana, akaitazama bilauri ya Mbaruku. Chai ilipanda mle ndani, nyekundu, ikafika karibu na mdomo wa bilauri. Yake ililala chini ya kikombe kama maji ya mvua kwenye unyayo wa ng'ombe. Alijua. Hakuna mtu katika nchi ile aliyejua kuliko yeye kwamba chai ile ni sawasawa. Lakini kujua kulikaa kichwani, na kijicho kilikaa tumboni, na chai huenda tumboni.

"Mbona hunywi, Shaweji?" Mbaruku aliuliza siku moja, kwa upole wa kweli, na upole wake ndio uliozidi kuudhi. "Itapoa ndugu yangu."

"Nakunywa. Hiki kidogo nilichopewa nitakimaliza sasa hivi."

"Kidogo? Si upawa mmoja sote?"

"Ndiyo, ndiyo. Wenye kushiba ndivyo wanavyosema."

Nyumbani alihama kutoka kiti hadi kiti. "Yule hajakisoma kile kitabu hata ukurasa mmoja," alimwambia mkewe. "Ukimuuliza hatua ya tatu ni ipi, atakuonyesha ngazi."

"Baba Zuhra, achana na mtu wa watu. Wewe una kazi, una mke, una mtoto mwenye akili. Yeye ana bilauri."

"Ndefu!" alisema Shaweji.

Basi kwa uchungu ule akaandika sheria. Iliitwa Sheria ya Kulinganisha Akili na Cheo, nayo ilisema kwamba kila mwaka kila afisa atapimwa kwa bilauri mbili mbele ya wenzake, na atakayekosea atapelekwa darasani kukaa na wenye hatua moja naye, mpaka avuke. Aliiandika kwa ajili ya mtu mmoja tu. Waziri aliipenda, akaisaini, na sifa zake zikaenda kwa Mbaruku, kwa kuwa ofisi ndiyo yake.

Mwaka huohuo wazazi walilalamika kwamba uji wa shule umepungua. Ulikuwa umepungua kweli, na sababu yake ilijulikana na kila aliyejua nyumba mpya ya msimamizi wa ghala la unga. Waziri aliitisha kikao, akauliza nani ana dawa. Mbaruku alisema, kwa kukosa la kusema, labda unga uongezwe. Watu wakainamisha vichwa kwa aibu.

Hapo Shaweji akasimama. Aliona nafasi yake, na nafasi ikipita hairudi. "Mheshimiwa, hakuna haja ya unga. Wenye kuunywa uji huo wako Hatua ya Pili. Tuwape vikombe virefu vyembamba. Uji utapanda, na wao wataona umeongezeka."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Waziri alimkumbatia. Moyoni mwa Shaweji kitu kidogo kilisema kwamba kitabu hakikuandikwa kwa ajili hiyo, kwamba bingwa yule wa sakafuni angelia, lakini alikinyamazisha, kwa maana hatimaye Mbaruku alikuwa amekaa na yeye amesimama.

Vikombe virefu vikagawiwa nchi nzima. Watoto wakashangilia. Wazazi nao wakashukuru, jambo ambalo lilimfanya Waziri ajiulize kama vikombe virefu haviwezi kutumika mahali pengine pia. Na hotuba ya uzinduzi ikatangaza: "Tunampongeza Mkurugenzi Mkuu, Bwana Mbaruku, kwa ubunifu wake."

Siku hiyo Shaweji alirudi nyumbani, akalala bila kuvua viatu.

*

Ilipofika zamu ya kuwapima maafisa, hakuna aliyekuwa na hofu. Ilijulikana kwamba jibu ni "sawa", na hata wasioelewa walikuwa wamelikariri. Maafisa walisimama wawili wawili mbele ya meza. Ili kuwapa heshima, Waziri aliamuru kwamba badala ya maji itumike juisi ya ukwaju, na kila aliyepimwa aende zake na fungu lake alinywe.

Shaweji alipangwa na Mbaruku.

Mbaruku aliulizwa kwanza, akasema "sawa" kwa sauti yake nene, akapigiwa makofi. Shaweji aliiona sheria yake ikimpita mtu wake bila kumgusa hata nywele. Kisha mbele yake zikaletwa bilauri mbili fupi, zimejaa sawasawa. Moja ikaachwa kama ilivyo na kusogezwa upande wake. Ya pili ikamiminwa ndani ya bilauri ndefu, ileile ya kila siku, na kusogezwa upande wa Mbaruku.

"Haya, Bwana Shaweji," Waziri alisema huku akitazama saa. "Zimelingana, au kuna iliyozidi?"

Neno lilikuwa ulimini. Lilikuwa jepesi, na mtoto wake wa miaka saba alilijua. Lakini jicho likaenda kwenye bilauri ndefu, likapanda na juisi, likapanda, likafika juu, likakuta uso wa Mbaruku unatabasamu.

"Yake!" Shaweji alipiga kelele. "Yake imezidi! Yake siku zote inazidi, Mheshimiwa, kwani hamuoni?"

Mbaruku mwenyewe alishtuka, akaisukuma bilauri kuelekea kwa rafiki yake. "Basi chukua hii, Shaweji. Chukua tu ndugu yangu," alinong'ona, na hilo lilikuwa baya kuliko yote.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na mchimba kisima huingia mwenyewe. Shaweji alipigwa muhuri wa Hatua ya Pili kwenye kiganja, na kesho yake asubuhi Nargisi akampeleka chekechea. Alimshika mkono mpaka mlangoni, si kwa kumcheka, bali kwa kuwa geti lile lilikuwa halimruhusu mtu wa hatua ile kuingia bila mzazi.

*

Sasa lisilotarajiwa ni hili: shule ile ilikuwa nzuri. Mwalimu wake, Bi. Hidaya, hakuwahi kupata nakala ya waraka wowote, kwa hiyo alikuwa akifundisha vizuri. Alimpa Shaweji beseni, vyombo vya kila umbo, na nafasi chini ya dirisha.

"Mimina," alimwambia. "Ukichoka, rudisha."

"Mwalimu, mimi najua. Mimi ndiye niliyekileta kitabu."

"Najua unajua, baba. Mimina."

Alimimina. Watoto walimzunguka, wakambishia, wakampakaa udongo wa mfinyanzi, wakamfundisha kukaa juu ya mkeka bila kulalamikia magoti. Saa nne uji uliletwa, na kwa mara ya kwanza tangu aingie serikalini, Shaweji alipewa chombo kirefu. Kilikuwa kikombe chake mwenyewe, alichokibuni. Aliutazama uji ukipanda mpaka juu, akajisikia mtu.

Lakini jioni nyumbani alipata shida. Zuhra alikuwa ameshavuka pamoja na wenzake, kwa bendi na bendera, na alikuwa akimsubiri mlangoni.

"Umevuka leo, baba?"

"Bado, mama."

"Watoto wananiuliza. Nawaambia baba yangu anajua, anasubiri Desemba tu kama nilivyosubiri mimi." Akamshika kidole. "Utavuka Desemba?"

"Nitavuka, mwanangu. Nakuahidi."

Na aliahidi kwa moyo. Kuanzia hapo alimimina kama mwenye deni la ahadi, ikawa hakuna usiku aliolala bila kulisema lile neno kwa sauti mbele ya mkewe. Siku ya mtihani Nargisi alikaanga visheti, akavifunika kwa kawa, akamwambia Zuhra asiguse mpaka baba arudi.

Mpimaji aliyekuja ni Mkurugenzi Mkuu mwenyewe. Mbaruku alikuwa amekonda. Chini ya macho palikuwa na vivuli, maana Waziri alikuwa amempa kamati ya vikombe virefu vya mishahara, na kamati ya dawa, na kamati ya kamati. Aliingia darasani akiburuta viatu vyake vya kung'aa, akasimama. Shaweji alikuwa ameketi mkekani, pekupeku, watoto wawili wamemwegemea, mmoja akimsuka nywele chache zilizobaki. Mkononi alishika kikombe chake cha uji wenye karanga, kimejaa, kinatoa moshi.

Mbaruku alikitazama kikombe kile. Akakitazama tena. Akameza mate.

"Mwalimu," alisema polepole, "huyu mbona amejaziwa hivi?"

"Ni upawa mmoja, Mheshimiwa. Kama wote."

"Hapana. Hebu tazameni wenyewe. Chake kimezidi."

Shaweji aliinua uso. Aliijua ile sura, jicho lile linalopanda na kile kilichomo ndani ya chombo cha mtu. Alikuwa ameivaa yeye miaka yote, ila hakuwahi kuiona kwa mbele. Ndipo kifua chake kikapoa, kikapoa chote, kama mtu aliyevuliwa mzigo kichwani.

Bi. Hidaya aliweka mbele ya Shaweji bilauri mbili, akamimina moja ndani ya ile ndefu. Safari hii jicho halikwenda popote. Shaweji aliona maji tu, yaleyale, huku yamelala na kule yamesimama. Hakulazimika kukumbuka kitabu. Yalikuwa sawa, na alishangaa kwamba mtu yeyote angeweza kuona vingine.

"Haya, Shaweji," Mbaruku alisema, lakini macho yake yalikuwa bado kwenye uji. "Zimelingana, au kuna iliyozidi?"

Shaweji alifungua kinywa. Akawaza visheti chini ya kawa. Akawaza kidole chake kilivyoshikwa mlangoni. Kisha akawaza kesho saa nne: kile kikombe kipana, na Mbaruku upande wa pili wa meza na bilauri yake ndefu, hana haja tena ya kumtazama Shaweji wala chochote alicho nacho.

"Ndefu, Mheshimiwa," alisema. "Ndefu ndiyo iliyozidi."

Bi. Hidaya alimtazama usoni kwa muda, na alielewa, kwa sababu alikuwa mwalimu. Alikusanya bilauri zake, na Mbaruku akapiga muhuri wa kurudia mwaka. Shaweji akarudi kwenye mkeka wake, akakunja miguu, akaushika uji. Ulikuwa umeanza kupoa. Aliunywa taratibu, funda kwa funda, huku Mbaruku amesimama mlangoni akimtazama.